Koa wa baharini, konokono na DNA: maswali mnayoniuliza kila bamvua

Mi ni mtu wa Tanga, na maji ya bamvua yakikupwa vizuri mnaniona Raskazone au Mwambani nimeinama na ndoo na taa ya kichwani nageuza mawe. Maswali ni yaleyale kila mwezi, toka kwa wavuvi, wanafunzi, mama zetu wa tondo, na shangazi yangu ambaye mpaka leo anaamini nasomea uchawi. Nimeona niandike majibu sehemu moja, maana kujibu huku maji yanarudi na yamenifika magotini imenichosha.

We usiku usiku unatafuta nini huko kwenye mawe?

Koa wa baharini na konokono wao. Siwauzi, sio dawa ya mapenzi, na hamna Mchina anayenisubiri. Nachukua kipande kidogo cha nyama nasoma DNA yake ili nijue nani ni ndugu wa nani. Basi.

Koa na konokono si vitu viwili tofauti?

Hapa ndo wengi wanapotea, na hata wanasayansi walipotea miaka mingi, kwa hiyo usijione mjinga. Koa ni konokono aliyeacha gamba. Ukimwona koa wa baharini wa rangirangi, yule nudibranki, hana gamba kabisa, ila alipokuwa kiluwiluwi kinachoelea baharini alikuwa nalo, kigamba kidogo kama cha konokono yeyote, akikua analitupa. Na hili la kuacha gamba halijatokea mara moja, limetokea mara nyingi, kwenye koo tofauti, kila ukoo kwa wakati wake. Yaani "koa" sio jina la ukoo, ni namna ya kuishi, kama unavyosema "mvuvi". Wavuvi wa Deep Sea hapa Tanga sio wote wa baba mmoja.

Na jongoo bahari je?

Hapana. Jongoo bahari ni wa upande wa kiti cha pweza na urchini, hana undugu na koa hata wa mbali wa kujivunia. Ulaini tu ndo unawafananisha.

Sasa DNA ya nini, si umwangalie tu kwa macho?

Macho yanadanganya bana. Ngoja nikupe mfano unaoweza kwenda kuuona mwenyewe kesho. Pale Raskazone kwenye mawe yanayobaki wazi maji yakitoka kuna vile vigamba kama kofia ndogo vimeng'ang'ania mwamba, watoto wanavibandua kwa kisu. Ukiangalia harakaharaka utasema vyote kimoja. Sasa bandua viwili vitatu ugeuze. Vingine ni Cellana, kofia halisi, duara lake limekaa sawa. Vingine ni Siphonaria, na ukitazama ukingo wa gamba upande wa kulia utaona kama limevimba kidogo, pametokeza mfereji, hapo ndo hewa inapita, maana huyu anapumua hewa kama konokono wa bustanini. Wamekaa jiwe moja, wanakula mwani uleule, wamevaa kofia ileile, ila kiukoo wako mbali mbali mno. Cellana ni wa tawi la kale lililojitenga mapema sana, Siphonaria ni jamaa wa yule konokono mkubwa anayemaliza mchicha wako.

Ijumaa watu wote wakitoka msikitini wamevaa kanzu nyeupe na kofia, huwezi kusema ni wa tumbo moja. Jiwe lenye mawimbi linamvalisha kila anayekaa pale kofia, asiyevaa anang'olewa.

Hilo kundi la Opisthobranchia lililokuwa kwenye vitabu vyetu vya zamani limeenda wapi?

Limekufa, au niseme limevunjwa. Jina lilitolewa na Mfaransa Henri Milne-Edwards mwaka 1848, maana yake wale ambao mashavu yao ya kupumulia yako nyuma ya moyo. Kwa zaidi ya miaka 150 konokono waligawanywa mafungu matatu, wenye mashavu mbele, wenye mashavu nyuma, na wenye pafu. Nadhifu, rahisi kukariri, mtihani unapita.

Tatizo walipoanza kusoma DNA mafungu hayakukaa. Mwaka 2010 timu ya Katharina Jörger ilichukua jeni kadhaa za konokono hawa wa ajabuajabu wakajenga mti wa ukoo, na matokeo yake baadhi ya "wenye mashavu nyuma" walikuwa wanaangukia katikati ya wenye mapafu. Wakapendekeza kundi jipya, Panpulmonata, la wenye mapafu pamoja na hao ndugu zao waliokuwa wamewekwa nyumba ya jirani. Baadaye wengine wakarudia kwa jeni mamia kwa mamia, na picha kubwa imesimama, ingawa kwenye matawi madogo bado watu wanagombana.

Nielezee kwa Kiswahili cha nyumbani, nani ndugu wa nani?

Haya, shika hivi. Tondo wa mikoko, dondo, na wale Conus wenye sumu ni nyumba moja kubwa inaitwa Caenogastropoda. Weka pembeni.

Nyumba ya pili ni Heterobranchia, humo ndo wamo koa wa baharini karibu wote pamoja na konokono wa nchi kavu. Ndani yake nudibranki walitoka mapema wakafungua kambi yao. Na jirani yao wa karibu, kama ilivyoonekana mwaka 2016, ni vikonokono vidogo vinaitwa Ringicula, vina gamba gumu la mviringo, yaani mrembo asiye na gamba na binamu yake aliyejifungia ndani ya gamba. Waliobaki wakagawanyika tena: upande mmoja sungura wa bahari, wale wakubwa wa kwenye nyasi za bahari ambao ukiwashika wanamwaga wino wa zambarau, upande mwingine ndo hao Panpulmonata.

Kwa hiyo sungura wa bahari, pamoja na kwamba ni koa na yuko baharini, yuko karibu zaidi na konokono wa bustanini kuliko na nudibranki. Nikimwambia mtu hivi ananiangalia kama nimelewa.

Na kuna huyu nimpendaye, koa wa mawe, Peronia, anafanana na jiwe lenye vipele, mgongoni ana vijicho vidogo. Mama mmoja wa Mwambani aliniambia kabla sijasoma popote: "Mwanangu, hao maji yakitoka wanatoka kula, maji yakikaribia kila mmoja anarudi kwenye shimo lake." Nikamwambia shikamoo tena mara ya pili. Ndivyo walivyo kweli, wana pafu, wanapumua hewa. Nao ni Panpulmonata, wa upande wa konokono wa nchi kavu, sio wa nudibranki anayeishi mita chache tu chini yao.

Kazi yenyewe inafanyikaje?

Kwanza picha, akiwa hai, majini, maana akishaingia kwenye kichupa rangi inaondoka na anajikunja kama ubani uliotafunwa. Halafu namlaza kwa maji yenye chumvi ya magnesiamu kloraidi, analegea taratibu. Nakata kipande cha mguu, kidogo kama punje ya mchele, naweka kwenye ethanoli ya asilimia 95 hivi. Mguu, sio tumbo. Tumboni kuna chakula, na koa wengine wanakula koa wenzao, ukichanganya utasoma DNA ya marehemu.

Maabara unatoa DNA, unaweka kwenye mashine ya PCR ambayo we ichukulie kama fotokopi: inapasha mpaka nyuzijoto 95 ili kamba mbili za DNA ziachane, inashuka kama 50 vile vipande vya kuanzia vishike mahali pake, inapanda 72 inakopi, inarudia mara 35 hivi, na kila mzunguko nakala zinakaribia kuwa mara mbili. Mwisho unapeleka isomwe, unarudishiwa herufi A, C, G na T.

Ethanoli ghali, naweza kutumia Konyagi?

Hili swali nimeulizwa mara nyingi kuliko yote na wanaouliza wanacheka ila wanamaanisha. Hapana. Konyagi ina kama asilimia 35, iliyobaki ni maji, na maji ndo yanayoozesha. Spiriti ya dukani nayo imechanganywa vitu, usiitegemee. Na formalini usiiguse kabisa, inahifadhi umbo vizuri sana ila DNA inaikatakata na kuifungafunga mpaka kuisoma ni balaa. Ndo maana koa wengi wa makumbusho ni wazuri kwa macho ila kwa maabara ni mawe. Na badilisha ethanoli baada ya siku moja, kwasababu koa ni maji matupu, anaipunguzia nguvu.

Mbona ulisema mwaka wa kwanza hukupata kitu?

Ute. We acha tu. Nilitoa DNA ya koa ishirini na mbili, kwenye kipimo inaonekana ipo tele, nikaingiza PCR, nikaja kuangalia jeli, ile inayoonyesha DNA iliyokopiwa kama mistari, chini ya taa, giza. Mstari mmoja tu umewaka, ule wa sampuli ya kulinganishia ambayo ni ya konokono wa bustanini. Nikarudia, giza. Nikanunua kemikali mpya kwa hela ya mfukoni, giza. Wiki tatu. Kumbe ule utelezi wa koa una sukari ndefundefu zinazoshikamana na DNA na kumzuia kimeng'enya asifanye kazi. Nikabadili njia, nikatumia kemikali ya CTAB, ile wanayotumia sana watu wa mimea maana mimea nayo ina sukari kama hizo, nikapunguza ukali wa DNA mara kumi kwa maji, na siku hiyo mistari ikawaka kumi na tisa kwa mpigo. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja.

Mnasoma jeni gani?

Kwa kutambua spishi tunaanza na jeni ya COI ya kwenye mitokondria, vile vijiwanda vya nishati ndani ya seli, kipande cha herufi 658 hivi, kwa vianzio (vile vipande vya kuanzia vya PCR) ambavyo Folmer na wenzake walivitoa mwaka 1994 na mpaka leo dunia nzima inavitumia. Inabadilika haraka, kwa hiyo inatenganisha ndugu wa karibu. 16S nayo ya mitokondria. Kwa undugu wa mbali unahitaji zinazokwenda polepole, 18S na 28S na histoni H3 za kwenye kiini cha seli. Wenye hela wanasoma mitokondria nzima, kwa koa hawa ni kama herufi 14,000, au wanasoma jeni zote zinazofanya kazi kwenye mwili kwa wakati huo.

Huo mti unausomaje?

Usisome majina yalivyopangana kutoka juu kwenda chini, hilo kosa wanafanya hata wenye digrii. Angalia wapi matawi yanakutana. Mnaokutana kwa mama ni ndugu, mnaokutana kwa bibi ni watoto wa mama mkubwa na mama mdogo, mnaokutana kwa babu wa babu mnasalimiana tu msibani. Tawi unaweza kulizungusha kama mlango kwenye bawaba, undugu haubadiliki.

Namba pale kwenye maungio ni butistrapu. Programu inachukua nguzo za herufi zako, inazichanganya upya kama mara 1,000 na kila mara inajenga mti, halafu inakuambia ungio hilo limejitokeza mara ngapi kwa mia. Mi chini ya 70 siongei kwa sauti.

Kwa hiyo DNA haikosei?

Inakosea, tena kwa kujiamini. Ugonjwa mkubwa wa konokono hawa ni matawi marefu: viumbe wawili ambao DNA zao zimebadilika haraka, kila mmoja kivyake, wanaishia kufanana kwa bahati, maana herufi ni nne tu, programu inawaweka pamoja kama mapacha na inakupa namba nzuri kabisa. Kwa muda mrefu miti ya mitokondria na miti ya kiini ya ukoo huu ilikuwa inapingana waziwazi kwasababu hiyo. Halafu mitokondria inarithiwa kwa mama, kwa hiyo inakusimulia upande mmoja tu wa ukoo.

Na hii ya kusema "wakitofautiana asilimia fulani basi ni spishi mbili" msiimeze hivihivi. Mwaka 2005 Christopher Meyer na Gustav Paulay waliijaribu kwa kauri, ambao wanajulikana vizuri kuliko karibu konokono wengine wote wa baharini. Kumtambua mtu ambaye ndugu zake wote tayari wako kwenye daftari, ilifanya vizuri. Kugundua spishi mpya kwa kikomo cha asilimia, ilikosea sana. Na koa wa pwani yetu wengi hata daftarini hawajaingia.

Rangi nayo haisaidii? Wana rangi kali vile.

Rangi ni tangazo la "mi ni sumu", na tangazo likifanya kazi majirani wanaliiga. Nudibranki wa aina ya Chromodoris, wale wa mistari ya bluu na meusi na kingo za njano walitesa watu sana, walipopima DNA mwaka 2018 ikaonekana spishi moja inaweza kuvaa mavazi zaidi ya moja na spishi tofauti zinavaa sare moja. Yule mwekundu mkubwa, Hexabranchus, anayeogelea kama kanga inayopepea kwenye kamba, miaka na miaka alihesabiwa spishi moja kuanzia huku kwetu mpaka Pasifiki, mwaka 2023 wakaonyesha ni kadhaa. Kwa hiyo ukinitumia picha kwenye simu ukaniambia "huyu nani" nikajibu "labda", usinune.

Hii ndo kitu waliyofanya kwa silikanti wetu, yule samaki wa kale?

Ndo hiyohiyo. Mwaka 2011 utafiti wa DNA ya mitokondria ulionyesha silikanti wa Tanga ni kundi lao, tofauti na wa kusini mwa nchi na wa Komoro. Na jenomu yake, yaani DNA yake nzima, ilipotoka mwaka 2013 ikaonekana kamongo, yule wa matope ya Ziwa Viktoria, ndo yuko karibu zaidi na sisi wenye miguu kuliko silikanti, pamoja na mapezi yake yote kama mikono.

Nani wa kwanza kuwaandika koa wa huku?

Wavuvi waliwajua zamani, ila kwa maandishi ya sayansi jina kubwa ni Charles Eliot, Mwingereza aliyekuwa kamishna wa himaya ya Afrika Mashariki upande wa Kenya kuanzia 1900 mpaka 1904. Mchana anatawala, akipata nafasi anachambua koa, na kuanzia 1902 akaanza kutoa makala za nudibranki wa Afrika Mashariki na Unguja. Kama mtawala nina maneno yangu juu yake, ila maelezo yake ya koa bado tunayafungua mpaka leo, na sehemu ya kazi yetu sasa ni kukusanya upya kutoka pwani hizihizi ili majina yake yapate DNA.

Haya, faida yake nini? Inaleta ugali?

Shangazi hilo ndo swali lake. Namjibu kwa kichocho. Konokono wa kichocho, Bulinus na Biomphalaria, ni Panpulmonata, jamaa wa koa wangu wa mawe. Unguja kuna Bulinus wawili, globosus na nasutus, kwa gamba unaweza ukashinda nao siku nzima usiwatenganishe, ila globosus ndo anayepitisha kichocho kule na nasutus hapana. DNA ndo iliyowatenganisha. Ukikosea unamwaga dawa kwenye bwawa lisilo na kosa.

Halafu dawa za binadamu. Sumu ya Conus magus ilizaa dawa ya maumivu makali, ziconotide, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Kila spishi ya Conus ina mchanganyiko wake wa sumu, na ukijua mti wa ukoo unajua pa kutafuta. Sungura wa bahari aitwaye Dolabella, ambaye hapa kwenye nyasi za bahari tunamkanyaga, alitoa kemikali dolastatini 10, na dawa ya saratani iliyoidhinishwa 2011 imebeba kitu kilichotengenezwa kwa kuifuata hiyo. Ingawa baadaye iligundulika haitengenezi mwenyewe, anaipata kwa bakteria anaowala. Mwizi tu.

Kuna koa anakula jua, kweli?

Karibu na kweli. Elysia, yule wa kijani kama jani la mchicha, ananyonya mwani, kloroplasti hazimeng'enyi, anazitunza mwilini na zinaendelea kufanya kazi kwa muda, kwa Elysia chlorotica wa Marekani ni miezi. Zamani ilisemekana ameiba na jeni za mwani akazitia kwenye DNA yake, habari ilisambaa sana, ila waliposoma kwa undani hawakuzikuta. Huyu naye DNA ilimhamisha, sasa anakaa na wenye mapafu.

Nikiokota kitu cha ajabu nikuletee?

Usiniletee, nipigie picha hapohapo, na kitu cha kupimia ukubwa, sarafu ya mia mbili inatosha. Kwanza hifadhi ya bahari ina sheria zake, na mtafiti mwenyewe lazima awe na vibali, sampuli haitoki nchini kwa mfuko wa rambo. Pili, konokono mwenye umbo la koni usimshike kabisa, hata upande wa mgongo, mdomo wake unafika kote na yule Conus geographus anaua mtu. Tatu, jiwe ukiligeuza lirudishe lilivyokuwa, waliokuwa chini yake wanakauka.

Na ukitaka kuja njoo bamvua lijalo, maji yakikupwa, na viatu vyenye soli ngumu. Maji mafu usije, utakuta mawe yote yamefunikwa na mi nimelala.